Ardhi Waliyoipata Baharini

Kila ninapofundisha historia ya Waakadia, walowezi wa Kifaransa wa Kanada, naanza na gogo. Wanafunzi wangu hutarajia mfalme au mkataba, lakini bila gogo hilo mtu hawezi kuelewa kilichowindwa mwaka 1755, Waingereza walipowafukuza.

Katika Ghuba ya Fundy, mashariki mwa Kanada ya leo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 16 sehemu za ndani. Wafaransa waliolowea huko, katika koloni lao la Akadia, baada ya kituo cha Port-Royal kuanzishwa mwaka 1605 hawakuhangaika sana kufyeka misitu. Walijenga matuta ya udongo na nyasi kuzuia bahari isiingie kwenye vinamasi vya chumvi, na chini ya tuta wakalaza gogo lenye mfereji katikati. Ndani yake walining'iniza kilango cha mbao. Maji yakipwa, maji ya mvua kutoka shambani hukisukuma yakatoka. Yakijaa, bahari yenyewe hukifunga. Mtambo huo waliuita aboiteau. Mvua ikishaosha chumvi kwa miaka miwili mitatu, hubaki udongo wenye rutuba ya ajabu, wa ngano na malisho.

Kwa hiyo mashamba yao bora waliyatoa baharini, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowawezesha kuishi kwa maelewano na Wami'kmaq, wenyeji wa nchi ile.

Mwaka 1713, kwa Mkataba wa Utrecht, Ufaransa iliikabidhi Uingereza Akadia. Waingereza wakadai kiapo cha utii. Waakadia walikubali kuapa, ila kwa sharti la kutoshika silaha dhidi ya Wafaransa wala Wami'kmaq, na mwaka 1730 Gavana Philipps aliwaahidi hivyo kwa mdomo. Ahadi ya mdomo! Karatasi iliyopelekwa London haikuwa na sharti lolote. Kwangu mimi balaa lilianzia hapo.

Vita na Ufaransa vilipokaribia tena, Charles Lawrence, aliyekuwa akitawala Nova Scotia, kama Waingereza walivyoiita Akadia, aliwadai kiapo kisicho na masharti. Wajumbe wao walikataa, na tarehe 28 Julai 1755 baraza lake huko Halifax likaamua waondolewe wote.

Kule Grand-Pré, kijiji cha Waakadia, kazi hiyo alipewa Luteni Kanali John Winslow wa Massachusetts. Aliwaita wanaume na wavulana kuanzia miaka kumi wafike kanisani tarehe 5 Septemba, saa tisa alasiri. Walifika 418. Milango ikafungwa, wakasomewa kwamba mashamba, nyumba na mifugo yao sasa ni mali ya Mfalme, na wao wenyewe wataondolewa nchini. Siku tano baadaye vijana waliamriwa kupanda meli kwanza. Walikataa kwenda bila baba zao. Wakasukumwa kwa singe. Winslow ameandika katika shajara yake kwamba walienda wakiomba, wakiimba na kulia, huku wanawake na watoto wamepiga magoti njia nzima hadi ufukweni, kilomita mbili na ushei. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado hunishika koo, kwa sababu aliyeiandika ndiye aliyetoa amri.

Mwaka huo waliondolewa watu wapatao 6,000, wakatawanywa katika makoloni ya Kiingereza kuanzia Massachusetts hadi Georgia. Virginia iliwakataa, na zaidi ya 1,000 wakapelekwa Uingereza. Uhamishaji uliendelea hadi 1763. Desemba 1758 meli ya Duke William ilizama ikiwa na watu zaidi ya 360. Baadhi ya waliosalia walifika Louisiana, kusini mwa Marekani ya leo, na jina la wazao wao huko, Cajun, limetokana na Acadien, yaani Mwakadia kwa Kifaransa.

Mashamba nayo? Oktoba 1758 Lawrence alitoa tangazo la kuwaalika walowezi kutoka New England, makoloni ya Kiingereza yaliyo jirani upande wa kusini. Novemba 1759 dhoruba ikayabomoa matuta, chumvi ikarudi shambani. Wageni walipofika mwaka uliofuata hawakujua kuyatengeneza. Serikali ikawatoa Waakadia waliokuwa wafungwa, wakaenda kukarabati, kwa ujira, matuta waliyojenga baba zao.

Waliporuhusiwa kurudi mwaka 1764, tena kwa vikundi vidogo na baada ya kuapa, Grand-Pré ilikuwa na wenyewe wengine. Wengi walikwenda Baie Sainte-Marie, kwenye pwani ya mawe, wakaanza kuvua samaki.