Nionyeshe mkono, usiniulize DPI

Jumamosi iliyopita kabla ya adhuhuri waliingia watu wanne dukani kwangu hapa Malindi. Watatu swali lao la kwanza lilikuwa moja: "Fundi, hiki kipanya kina DPI ngapi?" Wa nne alitaka chaja ya simu. Huyo nilimpenda.

Wa mwisho kati ya wale watatu alikuwa kijana wa sekondari, kaja na mamake, simu mkononi, tangazo liko wazi: kipanya cha shilingi 1,400, taa za rangi saba, DPI 25,600. Mimi nilikuwa nimemtolea kimoja cha DPI 12,000, bei yake mara tatu. Mama akakitazama, akanitazama mimi, kisha akamwambia mwanawe kwa sauti ya kunifikia: "Kwani hapa namba ndogo ndiyo ghali?"

Basi nikachukua rula.

DPI inahesabu jambo moja: ukisogeza kipanya inchi moja, kinatuma hesabu ngapi kwenye kompyuta. Kwisha. Haikwambii kama hesabu hizo ni sahihi, haikwambii zinafika upesi kiasi gani, wala haikwambii lolote kuhusu ubora wa kihisi, lile jicho lililo chini. Kioo cha kompyuta ya yule kijana kina nukta 1,920 kwa upana. Kila hesabu ikiwa ni nukta moja, kwa DPI 800 mkono unasafiri inchi 2.4 ndipo kishale kitoke ukingo huu kifike ule, yaani sentimita sita na kidogo. Kwa DPI 25,600 mkono unasafiri inchi 0.075. Nikamwambia aitafute kwenye rula. Haifiki milimita mbili. Mamake alikuwa na mchele kwenye kikapu, nikaomba punje moja nikailaza mezani. "Upana wa hii punje ndio uwanja wako wote, mwanangu. Ukipiga chafya umeshafika Mambrui."

Mama alicheka. Kijana hakucheka, maana alishawaahidi wenzake 25,600.

Hakuna anayecheza hivyo. Tazama mipangilio ya wachezaji wa kulipwa wa Counter-Strike, ile gemu ya kulenga na kupiga risasi: utakuta DPI 400, utakuta 800, wengine 1,600. Vipanya vyao vinafika mbali sana kuliko hapo na hawahangaiki kuvifikisha. Miaka ya 2000 watu walikuwa wakishindania mataji kwa IntelliMouse Explorer 3.0 ya Microsoft, kipanya cha DPI 400 na hakina cha kuongeza.

Tena DPI peke yake haina maana mpaka uizidishe na wepesi, ile namba ya "sensitivity" uliyoiweka ndani ya gemu. DPI 800 na wepesi 1 ni sawasawa na 400 na 2, ni sawasawa na 1,600 na 0.5. Zote jibu ni 800. Kwenye Counter-Strike, jibu hilo maana yake ni kwamba ili mchezaji wako ageuke duara zima, kipanya kinatembea kama sentimita 52. Nusu mita! Hapo ndipo nilipomuuliza yule kijana swali ambalo wauzaji wa mtandaoni hawamuulizi mtu: unachezea wapi? Akasema kwenye kimeza cha kona, pedi yake sawa na daftari la shule, upande mmoja ukuta, upande mwingine sahani. Ndiyo maana alikuwa akiipandisha DPI kila wiki. Hakukosa kipanya, alikosa nafasi. Na wengi wanaoniletea malalamiko ya "kipanya kizito kugeuka" ugonjwa wao ni huo huo.

Hizo namba kubwa kwenye vipanya vya bei ya chee zinatoka wapi? Mara nyingi kwenye kuzidisha. Kihisi kinachoona hatua 3,200 kwa inchi kinazidishiwa kila hatua mara nne, boksi linaandikwa 12,800. Hakijaona kitu kipya. Ni mchuzi ule ule, umetiwa maji, ukaambiwa sasa sufuria imejaa.

Nisiwe mkali kupita haki: kati ya 400 na 1,600 ipo tofauti ndogo ya kweli, kwa sababu kwenye DPI ya juu msogeo wa kwanza kabisa unaripotiwa mapema kidogo. Kwa hiyo mimi huwawekea watu 800 au 1,600, halafu nashusha wepesi ndani ya gemu. Na kwenye Windows naondoa ile alama ya kuongeza usahihi wa kishale. Jina lake linadanganya: inafanya kishale kiende mbali zaidi kwa kadiri unavyosogeza kwa haraka, na mkono haujifunzi kitu. Gemu nyingi za siku hizi zinairuka, lakini si zote.

Ukitaka kusoma boksi, soma jina la kihisi. PMW3360 ya PixArt, watengenezaji wa vihisi, inaishia DPI 12,000 na inafuata mkono hadi inchi 250 kwa sekunde, mita sita na ushei. Huo mwendo hutaufikia labda uwe unamrushia mtu. PAW3395 inafika 26,000, na ni nzuri zaidi, lakini si kwa sababu ya hiyo 26,000. Kihisi kikishakuwa cha ngazi hiyo, kazi ya namba imekwisha. Kinachobaki ni mkono.

Nami kwa mkono sina simile. Weka rula kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kisha shika kipanya bila kufikiri, nikutazame: wako wanaolaza kiganja chote, wako wanaokunja vidole kama kucha za kaa, wako wanaogusa kwa ncha tu. Anayelaza kiganja anataka mgongo mrefu uliojaa. Wa ncha za vidole anataka kifupi na chepesi. Uzito nao umepungua ajabu siku hizi. G Pro X Superlight ya Logitech, iliyotoka 2020, haifiki gramu 63 na haina waya. Yule kijana mkono wake ulikuwa sentimita 17, na kile nilichomtolea mwanzo kilikuwa kikubwa kwake. Kosa langu, sikumpima. Akaondoka na kidogo zaidi cha bei ya kati na pedi pana. Mama akatuma M-Pesa. Punje ya mchele bado iko mezani, nimeigundisha kwa selotepu karibu na rula kwa ajili ya wateja wajao.

"Swichi za buluu ndizo za gemu"

Hii inafuata kwa kunichosha. Swichi ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya kila kitufe cha kibodi ya kimakanika, na rangi yake ndiyo inayotaja aina yake. Mtu akisikia tak-tak-tak anaamini ndiyo kibodi ya kimakanika yenyewe, na kwamba mlio ni dalili ya kasi.

Chukua za kampuni ya Cherry, maana rangi hizi zilianzia kwao na viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikazifuata. Nyekundu inashuka moja kwa moja kwa nguvu ya gramu 45 hivi na inasajili, yaani kompyuta inapata habari kwamba umebonyeza, ikiwa imeshuka milimita 2. Buluu inataka nguvu zaidi na inasajili kwenye 2.2. Juu ya hapo, ule mlio unatoka kwenye kipande kidogo cha plastiki kinachoruka ndani, na kipande hicho kinataka kitufe kirudi juu zaidi ya pale kiliposajili ndipo kijipange upya. Kwa hiyo ukitaka kubonyeza kitufe hicho hicho mara mbilimbili haraka, kama unavyofanya ukikwepa kushoto na kulia, buluu ndiyo itakayokuchelewesha. Kwa kuandika ni tamu, siipingi. Mimi mwenyewe risiti naziandikia buluu.

Nina mteja wa Amu, yaani Lamu, chumba chake kiko kwenye wikio, juu ya kichochoro kabisa. Alilazimisha buluu. Nikampakilia, ikaenda na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Haukupita mwezi akanipigia: "Ami, majirani wa pande zote mbili wamekuja kwa baba." Usiku wa Mkomani, mtaa wake, hakuna gari la kuzima sauti hiyo. Nikamtumia nyekundu, na kwa kuwa kibodi yake ni ya kuchomoa swichi bila kuchomelea, alibadilisha zote mwenyewe kwa jioni moja.

Halafu wapo wanaouziwa kibodi za mpira zenye taa na kelele za bandia, wakaambiwa ni za kimakanika. Ng'oa kifuniko cha kitufe kimoja kabla hujalipa. Ukiona kisanduku cha plastiki kilichosimama chenyewe, juu yake kimsalaba, endelea kuuliza bei. Ukiona kikombe laini cha mpira, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

"Imeandikwa mibonyezo milioni 50, haifi"

Hesabu yenyewe ni ya kweli, kiwandani. Hata ukibonyeza W mara 10,000 kila siku, milioni 50 inakupeleka zaidi ya miaka 13. Lakini mashine ya majaribio haikai Malindi na dirisha wazi.

Sisi tunaishi karibu na Gongoni, ambako watu wanaanika maji ya bahari wapate chumvi ya kuuza. Chumvi hiyo hiyo iko hewani, inatua usiku kucha na unyevu wake, na ndani ya swichi ya kawaida kuna vijibati viwili vinavyogusana. Wiki mbili nyuma nilifungua kibodi kutoka nyumba ya ufuoni. Juu safi, inang'aa. Chini, miguu ya swichi imeota ukungu wa kijani kama sarafu iliyookotwa mchangani, na kitufe cha E kilikuwa kikiandika "eee" au hakiandiki kabisa. Umri wake haukuwa hata miaka miwili. Vipanya vinaugua vivyo hivyo: unabonyeza mara moja kinasajili mbili, ukifungua unakuta kibati cha swichi kimechoka au kimeshika kutu.

Na tafadhali, mafuta ya cherehani hayaingii humo. Kila mwezi napokea moja iliyooshwa kwa mafuta ya cherehani. Tumia spiriti kali au dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, uache ikauke, na ukimaliza kucheza funika kibodi hata kwa leso.

Kwa sababu hii, mtu wa pwani akiwa na uwezo, mimi namsukuma kwenye swichi za mwanga kwa kipanya na za sumaku kwa kibodi. Ndani yake hakuna bati linalogusa bati. Swichi ya sumaku inapimwa imeshuka umbali gani, kwa hiyo unachagua mwenyewe isajili wapi, hata kwenye sehemu ya milimita, na inajiachia mara tu unapoanza kuinua kidole. Waholanzi wa Wooting ndio waliozifanya zijulikane kwa gemu, sasa kila mtu anazitengeneza. Bodi ya chini bado inaweza kushika kutu, sikudanganyi. Na ukiwa unacheza Counter-Strike, zima ule ujanja wa kibodi kukuamulia kati ya A na D, vitufe vya kushoto na kulia, vikibonyezwa pamoja. Valve, wenye gemu hiyo, waliupiga marufuku kwenye seva zao rasmi Agosti 2024, na mchezo utakutoa nje.

Hizi nazipitia nikiwa nimesimama

"Kisicho na waya kinachelewa." Cha Bluetooth, ndiyo, kwa gemu kiache. Chenye kipokezi chake cha USB kinaripoti mara 1,000 kwa sekunde sawa na cha waya. Kikirukaruka, angalia ulipochomeka: watu wanakichomeka nyuma ya kompyuta, sakafuni, ubavuni mwa diski ya USB 3.0 ambayo inavuruga masafa yale yale ya 2.4 GHz. Kebo ya kurefushia, kipokezi kije juu ya meza karibu na pedi, shida imekwisha.

"Mara 8,000 kwa sekunde ni bora mara nane." Kutoka 125 kwenda 1,000 unaokoa milisekunde saba. Kutoka 1,000 kwenda 8,000 unaokoa chini ya moja, na kompyuta dhaifu inaanza kukwama kwa kazi ya kupokea. Kioo chako ni cha 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Nunua kioo.

"Taa zinaongeza kasi." Sijibu.

"Kibodi ya kuchomoa inakubali swichi yoyote." Hapana, na hii inawatia watu hasara ya seti nzima. Kwanza, ya kawaida haipokei ya sumaku. Pili, baadhi ya kibodi za bei nafuu zina soketi za Outemu zenye matundu membamba, na miguu ya Gateron au Cherry haiingii. Ukilazimisha inapinda. Kwa hiyo kabla hujaagiza swichi 87 kutoka ng'ambo, chomoa moja uliyo nayo, igeuze, nipigie picha ya miguu yake pamoja na tundu ilipotoka. Ijumaa usitume saa sita mpaka saa nane, sitakuwepo.