Kusoma Mawazo, Kusogeza Vikombe: Ya Riwayani na Ya Kweli

Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Dodoma. Likizo hii alinikwepa siku tatu nzima, kajifungia na riwaya ya taharuki kuhusu vijana wanaosoma mawazo na kusogeza vitu bila kuvigusa. Riwaya yenyewe inatisha inavyopaswa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na aliyoyaongezea wakati ananisimulia, kwa sababu mengi hata kitabuni hayamo. Ni ya mtaani.

"Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, wale wamefungua iliyobaki."
Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Nani alipie kodi ya vyumba 100 halafu alale katika 10? Vipimo vinaonyesha sehemu zake zote zina kazi, na hata ukilala hazizimiki.

"Majasusi wa Marekani wanawatumia watu hawa."
Walijaribu, hilo ni kweli. Walitumia miaka zaidi ya 20 na dola takribani milioni 20, kisha mwaka 1995 mradi ukafungwa baada ya tathmini kuona haujawahi kuongoza operesheni yoyote ya kijasusi.

"Kijana anayesikia sauti ana kipaji." Au ana mashetani, inategemea umemuuliza nani.
Hapa ndipo sicheki. Magonjwa ya akili yanayoleta sauti mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, yaani umri uleule wa mashujaa wa riwaya hizi. Tiba ipo, na kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyosaidia. Sisi wa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, mlangoni, ila jina lake tumeligeuza tusi, basi mtoto anazungushwa kwingine kote kwanza. Si kila sauti ni ugonjwa, lakini. Ukizinduka usiku huwezi kujinyanyua na unahisi mtu kasimama chumbani, hilo ni jinamizi: akili imeamka, misuli bado imelala.

"Bibi mwenye macho mekundu anaona yasiyoonekana."
Hii ni yetu wenyewe, haikuja na kitabu. Macho yale ni ya moshi wa kuni wa miaka hamsini, au vikope, ugonjwa ulioisumbua sana mikoa hii ya kati; wilayani Kongwa watafiti wameufuatilia kwa miongo kadhaa. Wapo vikongwe nchini waliouawa kwa rangi ya macho tu. Na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inamhesabu mkosaji hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi.

"Wanasayansi walishathibitisha kwa kadi."
Anayetajwa ni Joseph Banks Rhine, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kadi 25, alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota; mtu anataja alama ya kila kadi bila kuiona. Ukibahatisha tu, wastani ni tano. Mwaka 1934 alitangaza kwamba wapo wanaopata zaidi ya hapo. Wengine waliporudia kwa masharti makali, maajabu yakayeyuka.

Mpwa wangu hakuridhika. Tukakata karatasi nyeupe, tukachora alama kwa kalamu nene, tukakaa barazani saa kumi jioni. Mimi nimeligeuzia jua mgongo, nainua kadi moja moja. Yeye kakunja uso, anataja. Akapata 14! Nywele zilinisimama, nakiri. Nikageukia jua, nikainua kadi moja mgongo wake ukinielekea, nione alichokuwa anakiona yeye: nyota ilionekana wazi kwa nyuma, jua la Dodoma limepenya karatasi yote. Baadhi ya kadi za mwanzo za Rhine nazo zilikuwa na kasoro hiyohiyo.

Nikamhamishia jikoni, ukuta katikati yetu, tukaanza upya.

Sita. Akasema ni joto la jiko.