Je, Wajua? Wafu wanangoja nini kabla ya siku ya hukumu

Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba 1331, Papa Yohane XXII alihubiri huko Avignon, kusini mwa Ufaransa, akasema neno ambalo waumini wengi hawakulitegemea kutoka kwa Papa. Watakatifu waliokufa, alisema, bado hawamwoni Mungu uso kwa uso. Wako pamoja na Kristo, wametulia, ila furaha yao kamili inangoja siku ya mwisho watakapofufuliwa na miili yao. Alikuwa mzee anayekaribia miaka 90. Desemba alilirudia fundisho hilo, na Januari 1332 akalipeleka mbele zaidi: hata waovu bado hawajatiwa katika moto wa milele.

Naanzia Avignon kwa makusudi. Kwetu Afrika Mashariki, swali la kama wafu wanajua lolote likiulizwa tu, mtu hudakia: "Hayo ni mambo ya Wasabato." Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka. Waadventista wa Sabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, na Gendia, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, mwaka 1906. Walikuja na fundisho la hali ya wafu kama walivyokuja na Jumamosi: aliyekufa amelala, hajui kitu, mpaka ufufuo. Mashahidi wa Yehova nao husema wafu hawana fahamu. Basi ikazoeleka kwamba Wakristo wote walikuwa na neno moja tangu mitume, yaani roho hutoka na kwenda moja kwa moja mbinguni au motoni, kisha wahubiri wa Marekani wa karne ya 19 wakaja kuvuruga.

Historia haiko hivyo hata kidogo. Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, aliandika kwamba ukikutana na watu wanaojiita Wakristo lakini wanakana ufufuo na kudai kuwa roho zao huchukuliwa mbinguni wanapokufa tu, usiwahesabu kuwa Wakristo. Maneno makali hayo, na yametoka kwa mtu aliyekufa kwa ajili ya imani. Hata hivyo, Yustino hakuamini kwamba wafu wamezimika. Aliamini kuwa roho za wema zinangojea mahali pazuri na za waovu mahali pabaya, zote zikitazamia hukumu. Alichokataa ni mtu kuruka ufufuo.

Karne iliyofuata, kwa habari aliyotuachia mwanahistoria wa Kanisa Eusebio wa Kaisaria, kulitokea Wakristo wa Uarabuni waliofundisha kwamba roho hufa pamoja na mwili na hufufuka pamoja nao. Ikaitishwa sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, mwanateolojia Origene akaitwa kujadiliana nao, wakabadili msimamo. Ni dalili kwamba wazo la wafu wasiojua kitu lilikuwepo ndani ya Kanisa mapema sana, na kwamba wengi hawakulikubali.

Anayenivutia kuliko wote ni Aphrahat, Mkristo wa Uajemi wa karne ya 4 aliyeandika kwa Kisiria. Yeye alisema wafu wamelala, lakini usingizi wao si wa aina moja. Mtumwa anayejua kwamba asubuhi bwana wake atampiga hulala kwa mashaka, wala hataki kuche. Yule aliyeahidiwa zawadi hulala akiitamani alfajiri. Kwa Aphrahat, basi, wafu wamelala kweli, na bado kuna kitu ndani yao kinachohisi. Ukimuuliza kama wana fahamu, hakupi ndiyo wala hapana iliyo safi, na waandishi wa Kisiria waliomfuata waliendelea kuzungumza kwa namna hiyo kwa muda mrefu.

Wakati wa Matengenezo ya Kanisa, karne ya 16, swali liliwagawa Waprotestanti wenyewe. William Tyndale, mfasiri wa Biblia ya Kiingereza, alimjibu Thomas More, mtetezi wa Ukatoliki, mwaka 1531 kwamba ukiziweka roho mbinguni, motoni na toharani tangu sasa, unavunja hoja ambayo Kristo na Paulo waliithibitishia ufufuo. Martin Luther mara nyingi aliita kifo usingizi, na Waadventista hupenda kumtaja. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu katika mihadhara yake juu ya Mwanzo alisema pia kwamba roho iliyolala hivyo ni macho, inaona na kusikia mazungumzo ya Mungu na malaika. Kumfanya Luther shahidi wa upande mmoja ni kumwonea. John Calvin yeye hakuwa na mashaka. Andiko lake la kwanza la teolojia, aliloliandika mwaka 1534 na kulichapisha 1542, lilikuwa la kupinga usingizi wa roho. Kanisa la Uingereza lilishutumu fundisho hilo katika kanuni zake 42 za mwaka 1553, kisha katika orodha ya 1563 kanuni hiyo ikaondolewa. Huko Marekani, mhubiri George Storrs alipoanza kuitangaza hoja hii miaka ya 1840 na kuwavuta baadhi ya waliokuwa wakingoja marejeo ya Kristo, alikuwa amelishika jambo kongwe.

Kwa nini basi watu wanaosoma Biblia moja wafike mbali hivyo? Mafungu yana sehemu yake, nitayafikia. Lakini chini ya mafungu kuna swali la mtu ni nini, na wanaoamini usingizi wa wafu hulieleza kwa mfano wa taa. Una balbu, una umeme. Vikikutana, unapata mwanga. Zima swichi, kisha uliza mwanga umekwenda wapi. Haukwenda popote, umekoma kwa sababu vilivyouzaa vimeachana. Kadhalika Mwanzo 2:7: udongo, pumzi ya uhai, na mtu akawa nafsi hai. Nafsi haikutiwa ndani ya mtu kama kitu cha tatu. Mtu mwenyewe ndiye nafsi. Akifa, mavumbi hurudi ardhini, pumzi hurudi kwa Mungu, na hakuna "yeye" aliyebaki pembeni akitazama. Ufufuo ni Mungu kuiwasha taa tena.

Nguvu ya mfano huu ni kwamba unaufanya ufufuo kuwa wa lazima. Bila huo hakuna mtu. Ugumu wake nao uko wazi: ukiwasha tena, huo ni mwanga uleule au mwingine unaofanana nao? Kama hapakuwa na chochote katikati, ni nini kinachomfanya aliyefufuka awe marehemu yule yule na si nakala yake? Waadventista hujibu kwamba Mungu anamjua na kumtunza kila mmoja, na uaminifu wake unatosha kuwa daraja. Ni jibu la imani, na silidharau, ila linabeba mzigo wote peke yake.

Upande wa pili husema mtu hafanani na mwanga huo. Kuna mwali unaoendelea kuwaka hata balbu ikivunjika. Swali la utambulisho linatulia hapo hapo. Aliyekufa na atakayefufuka ni yule yule kwa kuwa roho yake haikukatika. Lakini ugumu unahamia kwingine: kama mwali unawaka vizuri bila balbu, balbu mpya ya nini? Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa Katoliki, aliuona mtego huo. Akifafanua 1 Wakorintho 15 aliandika kwamba roho ni sehemu tu ya mtu, akamalizia: roho yangu si mimi. Hata roho ikiokoka, mtu hajakamilika mpaka mwili ufufuke.

Sasa turudi kwa Yohane XXII, maana ndiye aliyegusa kidonda chenyewe. Wako wanaopenda kudai kwamba "hata Papa alifundisha usingizi wa roho." Hakufundisha hivyo. Roho za watakatifu katika mahubiri yake ni macho kabisa. Alimfuata Bernardo wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, na Ufunuo 6:9, ambapo roho za waliochinjwa ziko chini ya madhabahu. Zinaufurahia ubinadamu wa Kristo. Kuuona Uungu wenyewe ndiko kunakongoja ufufuo. Hofu yake inaeleweka: kama kila mtu amekwisha kupata thawabu au adhabu yake yote, siku ya hukumu inakuja kufanya nini?

Upinzani ulikuwa mkubwa. Mdominiko Mwingereza Thomas Waleys alihubiri dhidi ya fundisho hilo huko huko Avignon mwaka 1333 akatiwa gerezani. Mfalme Philippe VI wa Ufaransa aliwakusanya wanateolojia wa Paris huko Vincennes Desemba mwaka huo, nao wakampinga Papa. Wafransisko waliokuwa wamekimbilia kwa Ludwig wa Bavaria, mtawala wa Ujerumani aliyekuwa na ugomvi na Papa, William wa Ockham akiwemo, walimwita mzushi. Yohane alijitetea kwamba alisema kama mwanateolojia binafsi bila kutoa tamko la Kanisa. Tarehe 3 Desemba 1334, mbele ya makardinali, alikiri kwamba roho zilizotakaswa zinamwona Mungu uso kwa uso kwa kadiri hali ya roho iliyotengana na mwili inavyoruhusu. Kesho yake akafa.

Mrithi wake, Benedikto XII, alifunga mjadala kwa Wakatoliki tarehe 29 Januari 1336: roho zisizo na la kutakaswa zinamwona Mungu mara baada ya kifo, kabla ya ufufuo na kabla ya hukumu ya wote. Siku ya mwisho watu wote watasimama na miili yao kutoa hesabu. Hukumu zikawa mbili, ya mtu binafsi na ya wote.

Uamuzi huo unagusa msiba wa leo. "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie," husali Mkatoliki kaburini, kwa sababu marehemu yupo na anaweza kusaidiwa. Na watakatifu huombwa kwa kuwa wanasikia. Msabato hamwombei marehemu. Hubiri lake huwageukia walio hai na tumaini la ufufuo. Fundisho lake pia linakata mzizi wa tambiko na wa waganga wanaodai kuzungumza na mizimu: asiyejua neno hawezi kukasirika wala kutuma ujumbe.

Kuhusu mafungu, kila upande una lake linaloukaa kooni. Mhubiri 9:5 husema "wafu hawajui neno lo lote". Wapinzani hujibu kwamba Mhubiri anazungumzia mambo ya chini ya jua. Yesu anamwambia mhalifu msalabani kwamba leo hivi atakuwa naye peponi, na Waadventista huisoma "leo" kuwa ndiyo siku anayotamka ahadi, usomaji ambao wafasiri wengi hawaukubali. Tajiri na Lazaro katika Luka 16 wanaongea vizuri, lakini hadithi ile ina vidole, ulimi na maji, na hata Wakatoliki wengi hawaisomi kama ramani. Paulo husema wafu wamelala, na husema pia anatamani kwenda kukaa na Kristo. Mimi naona fungu hilo la Wafilipi 1:23 ni gumu kwa fundisho la usingizi kuliko Luka 16, ingawa aliyelala bila kuhisi muda angeweza kufumba macho na kuamka mbele ya Kristo.

Wala mjadala haukuishia kwa Wasabato. Oscar Cullmann, Mprotestanti na msomi mkubwa wa Agano Jipya, alitoa mhadhara Harvard mwaka 1955 akitenganisha kutokufa kwa roho na ufufuo wa wafu. Kwake, waliokufa katika Kristo wamelala, lakini wako karibu naye. Alishambuliwa vikali. Mwaka 1979 Vatikani ilitoa barua ikisisitiza kwamba baada ya kifo hubaki kitu cha kiroho chenye fahamu na utashi, hivi kwamba "mimi" wa mtu anaendelea kuwepo ingawa amepungukiwa na mwili. Soma sentensi hiyo kando ya ile ya Thoma, roho yangu si mimi, na utaona kwa nini wanateolojia wa Kikatoliki wenyewe bado wanagawanyika juu ya namna ya kuzipatanisha.