Usiniulize tena tuna yatima wangapi

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mchungaji mmoja ninayemheshimu sana alinishika mkono pale nje ya kanisa. "Dada, kituo chenu kina yatima wangapi? Kuna wageni kutoka Marekani wanataka kujenga bweni la pili." Nilimjibu kwa adabu, lakini nilifika nyumbani moyo ukiwa mzito. Swali hilo nimeulizwa na wazee wa kanisa, na kwaya zinazokuja Krismasi na unga na sabuni, na wamisionari waliovuka bahari, hata na mwenyekiti wa mtaa. Naomba nilijibu kwa maandishi, mara moja.

Mimi ni mtu wa ustawi wa jamii katika makao ya watoto ya kanisa hapa Mwanza. Kazi yangu ni mafaili: taarifa ya uchunguzi, amri ya mahakama, ufuatiliaji wa ndugu. Katika mafaili hayo, watoto walio wengi wana mama au baba aliye hai. Si kwetu tu. Hata nchi nyingine zilizohesabu watoto wa vituoni zimekuta hivyohivyo. Mama anaumwa, baba kahamia kambi nyingine ya uvuvi na simu haipatikani, bibi ameshindwa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula bado vinamsubiri mtoto mlangoni. Mtoto huyo kaletwa na umaskini, na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa Malezi Mbadala wa 2009 unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Sheria yetu ya Mtoto, ya mwaka huohuo, inampa haki ya kuishi na wazazi wake. Hayo ya sheria kila mtu anaweza kuyasoma, sitayarefusha.

Kinachoniumiza ni neno lenyewe. UNICEF wanapohesabu, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa majirani zetu Waislamu, yatima ni aliyefiwa na baba kabla hajabalehe. Mtaani kwetu, ukisema "yule ni yatima", watu wanaelewa hana mtu. Hizo ni maana tatu. Sasa idadi inahesabiwa kwa maana ya kwanza, inatangazwa kanisani kwa maana ya tatu, watu wanalia machozi ya kweli, sadaka inatoka, bweni linajengwa. Na bweni likijengwa hujaa. Mama aliyekuwa anahangaika na mtoto wake kwa taabu anasikia kuna mahali watoto wanakula mara tatu, basi anamfikisha getini na kuondoka bila kusema jina. Sina namna ya kuthibitisha kwamba asingemleta kama geti lisingekuwepo. Lakini nimekaa na akina mama kama hao, na ndivyo ninavyoamini.

Halafu kuna hili la "hana ndugu". Kwa Wasukuma, swali ni mtoto huyu wa nani, na jibu liko kwenye mahari. Ng'ombe wakiwa wametoka, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kama hawakutoka, ni wa kwa mama yake, na mjomba ndiye msemaji. Nimefungua mafaili yaliyoandikwa "hana ndugu" kwa wino mzito, kumbe aliyechunguza aliuliza upande wa baba peke yake, akajibiwa "hatumjui", akafunga daftari. Hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe, na mjomba yuko Magu analima mpunga.

Mvulana mmoja aliokotwa Mwaloni Kirumba, kati ya magunia ya dagaa. Alikuwa mdogo, hakujua jina la kijiji. Ukimuuliza mtoto wa umri ule "kwenu wapi" atakuambia "nyumbani". Kwa hiyo siulizi hivyo. Nilimuuliza, kwenu asubuhi jua linatokea majini au mlimani? Majini. Linazama wapi? Nyuma ya mawe makubwa. Mtumbwi wa baba mdogo ulikuwa na rangi gani, umeandikwa nini? Watu wanavuka kwa kivuko au kwa boti? Mpishi wetu ni mzaliwa wa visiwani. Alikuwa anachambua mchele pembeni, akainua kichwa na kusema, "Huyo ni wa Kome, upande wa mashariki."

Tulikwenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatupotezi tena nusu siku kwenye foleni, lakini Nyakaliro bado unasubiri kivuko cha kwenda Kome. Ng'ambo tulipokelewa na mtendaji wa kijiji, akatupeleka hadi kwa bibi mmoja aliyekuwa anageuza dagaa juu ya mchanga. Nilimwamkia, "Shikamoo, mayu." Hakuitikia. Alimwita mtoto kwa kidole, akamshika kichwa kwa mikono yenye magamba ya dagaa, akakigeuza na kutafuta nyuma ya sikio la kushoto. Kulikuwa na kovu la uji wa moto. Alipoliona alikaa chini palepale mchangani, miguu ikashindwa. Kwenye rejesta yetu, mtoto huyo alikuwa ameandikwa "yatima, hana ndugu" kwa mwaka mzima.

Wapo wanaonijibu kwa Yakobo 1:27. Naipenda aya hiyo kuliko nyingi, basi tuisome vizuri: "Dini iliyo safi, isiyo na taka mbele za Mungu Baba ni hii, Kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Anayekwenda ni sisi. Na yatima hakutajwa peke yake, ametajwa pamoja na mjane, ambaye mara nyingi ndiye mama yake au bibi yake. Tunawezaje kumchukua mmoja na kumwacha mwingine kwenye nyumba inayovuja, kisha tukasema tumetimiza Neno? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu kanisa ndilo lililonilea.

Siwarushii mawe waliotangulia. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868 huko Algeria, baada ya njaa kuacha maelfu ya watoto bila wazazi. Wamisionari wake walifika Kageye, pwani yetu hii, mwaka 1878, na katika misheni zao walilea watoto waliowakomboa kutoka utumwani. Mtoto aliyenyakuliwa na msafara wa watumwa kijijini kwao mbali, ungemrudisha wapi? Nyumba ya misheni ndiyo ilikuwa kwao. Mtoto wa leo ambaye mama yake anauza nyanya Buhongwa ni habari nyingine kabisa.

Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000 ulichukua watoto 136 waliokuwa vituoni. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za kambo, yaani familia zinazolea watoto wasio wao. Waliotoka mapema, hasa kabla ya miaka 2, walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na walezi. Wapeni wageni wenu habari hiyo kabla hawajanunua saruji.

Sasa yanayoninyima usingizi. Kijana mmoja nilimrudisha kwa baba yake, faili likiwa limekamilika, sahihi zote zipo. Miezi michache baadaye nilimkuta kwenye kambi ya uvuvi alfajiri anavuta kokoro, wavu wa kuburuta, shule kaacha, mikono imechubuka. Kituoni angekuwa darasa la sita. Nilifuata kila hatua ya mwongozo na bado sijui kama nilimtendea haki. Wapo pia watoto wenye ualbino. Baada ya mauaji ya kanda hii, wengine walipelekwa shule za bweni kama Mitindo kule Misungwi ili wabaki hai. Mzazi akiniambia anaogopa kumrudisha nyumbani, sina Maandiko wala mwongozo wa kumpinga. Na kuna walezi wetu, akina mama wanaoamka saa tisa usiku kubadilisha mashuka. Vitanda vikipungua, mishahara yao itatoka wapi? Hilo mikutano yetu inalikwepa kila mara.

Jumatatu nilimwandikia mchungaji. Nilimwomba awaulize wageni kama fedha za bweni zinaweza kuwa bati kumi na nane za nyumba ya bibi wa Kome, mtaji mdogo wa dagaa, na nauli yangu ya kumtembelea kila mwezi kwa miaka miwili. Alijibu kwamba wageni wangependa kitu kinachoweza kuwekwa kibao cha jina. Nimemwandikia tena. Alhamisi natakiwa kuwa Nyakaliro kabla kivuko cha asubuhi hakijaondoka, na mvulana amenituma nimpelekee daftari la mistari na kalamu mbili, moja ya bibi.