Sayari za mbali: picha nyingi unazoziona ni michoro

Wengi huamini kwamba wanaastronomia hugundua sayari za nyota nyingine kwa kuchungulia darubini na kuiona sayari yenyewe. Sivyo ilivyo kwa kawaida. Zile picha zenye mawingu na bahari ni kazi ya wachoraji. Sayari chache tu zimepigwa picha halisi, nazo huonekana kama vitone.

Kinachopimwa kwa kawaida ni mwanga wa nyota. Sayari ikikatiza mbele yake, mwanga hufifia. Nyota HD 209458, kwa mfano, hufifia kwa takriban asilimia 1.5 kila baada ya siku 3.5, kwa saa 3 hivi. Dunia ikikatiza mbele ya Jua, upungufu ni asilimia 0.008 tu, ndiyo maana darubini ya Kepler ilirushwa anga za juu, maana hewa yetu huuchezesha mwanga kupita kiasi hicho.

Kufifia mara moja hakutoshi. Husubiriwa angalau mara tatu, kwa vipindi sawa. Hata hapo, nyota mbili zinazozibana kwa zamu zinaweza kujifanya sayari, kwa hiyo hupimwa pia kuyumba kwa nyota inapovutwa na kinachoizunguka. Mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz waliikuta nyota 51 Pegasi ikiyumba kwa mita hamsini na kitu kwa sekunde, kila siku 4.2, dalili ya sayari. Nyota ikiyumba kwa kilomita nyingi kwa sekunde, basi kinachoizunguka ni nyota mwenzake.