Treni isiyo na kichwa: seti za umeme za vitongoji vya Uingereza

Seti ya umeme ni treni ya abiria isiyovutwa na kichwa. Mota zake zimefungwa chini ya sakafu ya baadhi ya mabehewa, na kila upande wa mwisho una chumba cha dereva. Waliopanda “mchongoko” wa SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma wameshakaa ndani ya treni ya aina hii. Lakini kazi iliyoikuza haikuwa safari ndefu. Ni ile ya kuwaingiza watu mjini asubuhi kwa maelfu na kuwarudisha jioni.

Treni ya mvuke iliiweza kazi hiyo kwa shida. Ikifika stesheni ya mwisho, kichwa kilibanwa mbele kabisa, reli imeishia hapo. Ilibidi kichwa kingine kije kifungwe upande wa pili, treni iondoke, ndipo kile cha kwanza kipate njia ya kwenda kujazwa maji na makaa. Wakati huo treni nyingine ziko nje zinangoja nafasi. Dereva wa seti ya umeme hutembea tu hadi chumba cha upande wa pili. Tena, kwa kuwa mota zimegawanywa kwenye mabehewa, treni huchapuka haraka, jambo la maana sana pale ambapo stesheni zinafuatana kila baada ya kilomita moja au mbili.

Umeme wenyewe ulitangulia seti. Mwaka 1890 njia ya City and South London ilianza kupita chini ya ardhi kwa umeme, ila mabehewa yake yalivutwa na vichwa vidogo. Liverpool, mwaka 1893, ikafungua reli ya juu ya nguzo kandokando ya bandari, na humo mota zikawekwa kwenye mabehewa yenyewe. Central London Railway haikufuata mfano huo. Ilipofunguliwa mwaka 1900 ilitumia vichwa vya umeme vya zaidi ya tani 40, na wenye majengo juu ya handaki wakalalamika kuwa yanatikisika. Kufikia 1903 vichwa hivyo vilikuwa vimeondolewa, seti zimeshika nafasi.

Ufunguo wa mambo ulitoka Marekani. Frank Sprague alionyesha mwaka 1897, kwa ajili ya reli ya Chicago, jinsi dereva mmoja anavyoweza kuziamuru mota zote za treni kwa waya mwembamba wa mawasiliano unaopita behewa hadi behewa. Kuanzia hapo seti mbili au tatu ziliweza kuungwa saa za msongamano na kutenganishwa mchana, bila kuongeza dereva.

Makampuni ya reli ya Uingereza hayakuupenda umeme kwa hiari. Yalisukumwa na tramu, yaani treni ndogo za barabarani, ambazo zilikuwa zinawanyang’anya abiria wa karibu. Mersey Railway ilikuwa na balaa lake la ziada: handaki lake chini ya mto Mersey, Liverpool, lilijaa moshi, na abiria wakaona heri kivuko. Mwaka 1903 ikawa reli ya kwanza nchini humo kuuacha mvuke na kuhamia umeme. Mwaka uliofuata zikafuata njia za Tyneside, yaani eneo la Newcastle, na ile ya Liverpool hadi Southport.

Kusini mwa London ndiko mvutano ulikokuwa mkali. Kampuni ya Brighton ilitandaza waya wa juu wa volti 6,600 mwaka 1909. Jirani yake, London and South Western, ikachagua mwaka 1915 reli ya tatu, yaani chuma cha umeme kilicholazwa kando ya njia, volti 600. Zilipounganishwa kuwa Southern Railway mwaka 1923, usukani wa umeneja mkuu ulimwangukia hatimaye Herbert Walker, aliyetoka upande wa reli ya tatu. Mwaka 1926 ukatolewa uamuzi wa kutumia reli ya tatu kote, na waya wa Brighton ukazimwa 1929. Kwa hesabu za wakati ule aliamua vizuri: reli ya tatu ilikuwa rahisi kuweka, na njia zilienea upesi hadi Brighton kwenyewe mwaka 1933. Bei yake inalipwa na waliokuja baadaye. Volti ndogo hudai vituo vingi vya kupozea umeme, barafu huifunika reli wakati wa baridi, na anayekatiza njia kizembe anaweza kupoteza maisha.

Nchi ilibadili mwelekeo mwaka 1956, ilipochagua waya wa juu wa volti 25,000 kwa njia mpya. Mwanzo haukuwa mzuri. Treni za buluu za Glasgow zilianza kazi 1960 na kuondolewa mwaka huohuo baada ya transfoma kulipuka, zikarudi 1961. Tyneside nako walifanya kituko zaidi: waling’oa umeme wao miaka ya 1960 wakaweka dizeli, kisha wakaurudisha kwa Metro ya 1980.

Kusini imebaki na reli ya tatu. Ndiyo maana treni za Thameslink zinazovuka London zimefungwa vifaa vya aina zote mbili, vya waya wa juu na vya reli ya tatu, na hubadilisha umeme zikiwa zimesimama Farringdon au City Thameslink huku abiria wakipanda na kushuka.