Una bipola na unataka mtoto? Soma hii kabla hujatoa kijiti

Naulizwa sana na wagonjwa wangu wenye bipola, ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi halafu kumshusha kwenye huzuni nzito, dokta hivi mimi naruhusiwa kuzaa? Nijibu mapema kabisa: hakuna wa kukuruhusu wala kukukataza, sio mimi, sio mama mkwe, sio mchungaji wala shehe. Wapo wenye bipola wamelea watoto mpaka chuo, na wapo waliokaa wakafikiria wakasema hapana, na wote nawaheshimu. Kinachoniuma ni yule anayeamua kwa kuogopa kisichotisha hivyo, halafu kile cha kuogopa kweli hakuna aliyemwambia.

Watu wanachoogopa kwanza ni damu. Ukoo ule una wazimu, usioe pale, hayo maneno tumeyasikia wote. Ni kweli bipola inatembea kwenye ukoo, huo sio uzushi, ila angalia namba: kati ya watu 100 tu wa kawaida, mmoja hivi anaipata, na mzazi mmoja akiwa nayo, kati ya watoto 100 wanaoipata ni kama 5 mpaka 10. Yaani 90 na zaidi hawaipati. Wazazi wote wawili wakiwa nayo uwezekano unapanda sana, hapo nataka mje wote tukae tuongee.

Sasa dawa, na hapa naomba usome taratibu. Moja ya dawa tunazoandika sana ni sodiamu valproeti, ile ile ya kifafa. Inatuliza vizuri mania, yaani kile kipindi cha kupanda juu, lakini mimba ikitungwa ukiwa unaimeza, mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro kubwa, mgongo wazi, moyo, mdomo sungura, na 3 mpaka 4 kati ya 10 wanachelewa kuongea au kutembea au darasani wanahangaika. Shirika la Afya Duniani limeshasema wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe. Na uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, hapo wengi hata hawajashtuka kwamba hedhi imechelewa, kwa hiyo ukija kliniki na mimba ya miezi minne, foliki, yaani vidonge vya foliki asidi vya kuzuia mgongo wazi, imeshachelewa. Kabamazepini, dawa nyingine ya bipola, nayo ina madhara kwa mtoto ingawa sio kama valproeti, na inapunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti, ndo maana mtu anashika mimba na kijiti kipo mkononi.

Lakini tafadhali usiende kumwaga vidonge chooni! Kuacha dawa ghafla ndo njia ya haraka ya kurudi wodini, na mjamzito aliye kwenye mania hali chakula, halali usingizi, kliniki haendi, na mtoto anaumia vile vile. Tunachofanya ni kubadilisha taratibu kabla ya mimba, kwenda lamotrijini, olanzapini, kwetiapini, hata haloperidoli ya siku zote, kutegemea umekuwa ukiuguaje, unakaa miezi kadhaa umetulia na dawa mpya, unaanza foliki, ndo unatoa kijiti. Lithiamu, dawa nyingine ya bipola, inawezekana, hatari yake kwa moyo wa mtoto ni ndogo hasa dozi isipokuwa kubwa, ila figo za mjamzito zinaichuja haraka kiwango kinashuka, inataka kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo kama unapoishi hakuna maabara inayoipima mi sikushauri.

Kinachonitisha zaidi ya vyote ni wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Kichaa cha uzazi kwa wanawake wote ni 1 au 2 kati ya 1000, kwa mwenye bipola ni kama 1 kati ya 5. Kinaanza na usingizi, mtoto amelala mama macho makavu, anaongea haraka haraka, mara anasema mtoto sio wake kabadilishwa hospitali. Ndugu wanasema karogwa, siku tatu zinapita kwenye maombi, na ndani ya siku hizo mama anaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hiyo ni dharura, hospitali usiku huo huo.

Ndo maana ratiba ya usiku tunaiandika kabla hata tumbo halijaonekana. Kuna mume na mke waliipangia mezani kwangu: mama analala chumba kingine kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri, maziwa yameshakamuliwa, bibi anamnywesha mtoto kwa kikombe mpaka saa saba, baba anapokea. Bibi aligoma, mama gani analala mtoto akilia? Tukamuelewesha kwamba kwa binti yake usingizi ni dawa kama vidonge, akakubali na akaongeza sharti lake, wageni wa kuona mtoto mwisho saa kumi na mbili jioni. Sisi arobaini yetu ina watu tayari, mtori unapikwa, maji ya moto yapo, shida ni kwamba mchana wote wako na mama halafu usiku wanamuachia mtoto peke yake.

Wanaume, nanyi yanawahusu. Ulaya tangu 2024 wameweka tahadhari ya valproeti hata kwa baba anayeitumia miezi mitatu kabla ya mimba kutungwa, kwa hiyo na wewe uje tuangalie dawa zako.

Na mtu ambaye akikosa usingizi siku mbili anaishia wodini, na nyumbani usiku hana wa kumpokea mtoto, akisema sizai au huyu mmoja ananitosha, ameamua kama mtu mzima na ndugu wamuache.

Ukija kwa ajili ya hili njoo na mwenzio, mje na vidonge vyote mnavyotumia hata vya mitishamba. Na kama mimba imeshaingia na uko kwenye valproeti, usisubiri tarehe yako ya kliniki, njoo kesho asubuhi, na dozi ya leo usiku usiiache kabla hatujaonana.